Fremu Namba Kumi na Saba

Tarehe 4 Machi

Kwako Rula,

Salamu sikupi. Salamu wanapewa watu wenye haya.

Jarida lenu la baiskeli limefika. Kalileta muuza vipuri wa jirani, yule mwenye domo, akalisoma kwa sauti mlangoni mwa karakana huku anajichekea, akidhani anayesemwa ni fundi mwingine. Mzee alikuwa kwenye jiliwa, bomba limebanwa, tupa mkononi. Alisikia yote. Mimi nikakikata kile kipande nikakibandika ukutani, hasira isije ikapoa kabla sijamaliza barua hii.

"Namba kumi na saba," umeandika, "ni baiskeli iliyovalishwa pazia la sebuleni. Kila kiungo kinachoshika mabomba kimechongwa ua, na kila ua limetobolewa tundu. Bomba la juu limeinama mpaka karibu na pedali utadhani limeangukiwa na ukuta. Nakshi za namna hii ni za fundi mwenye jambo la kuficha. Na hata kulinganisha mikono miwili ya pedali hajui: wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa milimita kumi na mbili. Siti nayo iko chini kwa milimita nane. Imetengenezwa kwa ajili ya nani, haijulikani."

Haijulikani! Hivi wewe una macho, au una vipimo tu?

Na ile mliyoipa ushindi kwenye maonyesho yenu nimeiona pichani. Mabomba yamenyooka, rangi ya kijivu, kitanda cha hospitali kilichotiwa magurudumu. Ya pili haina hata bomba la kiti, mwendeshaji anabaki ananing'inia kama shati kwenye kamba, na hiyo mkaiita ya kijasiri. Kumbe fremu ikiwa ya ajabu na haina ua, ni ujasiri. Ikiwa ya ajabu na ina ua, ni pazia. Nani kawafundisha nyie?

Usijifanye hujui imetoka karakana gani. Mzee aliposikia maneno yako aliifuta tupa yake kwa kitambaa, akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Leo siku ya kumi na moja hajawasha moto. Fremu tatu za watu zimening'inia nusunusu. Anakaa kwenye kiti cha mlangoni, anatazama magurudumu ya wapita njia. Mtu aliyeshika moto miaka arobaini! Nikimwuliza ananiambia mikono imechoka. Mikono haijachoka. Umemvunja wewe.

Miaka tisa hujamwandikia baba yako. Barua zake unazirudisha hazijafunguliwa. Sawa, ulianguka, uliumia, na fremu ilikuwa yetu, nani kakataa? Lakini yaliyopita si ndwele, Rula, tugange yajayo. Ninalotaka ni moja tu. Mwandikie. Mistari mitatu inatosha. Mwombe radhi, awashe moto wake.

Kaka yako,
Cheche
(jina ulinipa mwenyewe, kwa hiyo likikuunguza usipige kelele)


Tarehe 12 Machi

Kaka Cheche,

Umemaliza? Haya, kaa chini sasa na mimi niseme.

Kwenye maonyesho hatuhukumu majina. Baiskeli zinaingia kwa namba, fomu zinafungiwa ofisini, mpimaji anapewa meza, mwanga na vipimo vyake. Namba kumi na saba kwangu ilikuwa namba kumi na saba. Kama ilitoka kwenu, ilitoka kwenu. Milimita kumi na mbili ni milimita kumi na mbili hata kama fundi ni baba yangu mzazi.

Unaniambia yaliyopita si ndwele. Mguu wangu ndio ndwele, kaka. Umeusahau? Ngoja nikukumbushe, maana naona kumbukumbu zenu huko zimeota kutu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nateremka ule mteremko wa nyuma ya shule, na fremu yangu mpya, ile ya kijani, ikaachia shingoni. Usukani ukabaki mikononi mwangu, baiskeli ikaenda zake. Nilitoka hospitali miezi mitatu baadaye, mguu wa kushoto umepungua sentimita mbili na nusu. Tangu siku hiyo baiskeli nazipima, sizipandi.

Na unajua nini kilikuwa shingoni? Ua. Ua la petali saba, zuri ajabu, kila aliyepita alilisifu. Ndani yake shaba ya kuunganishia mabomba ilishika ukingoni tu, kama siagi iliyopakwa pembeni mwa mkate, katikati pakavu. Mtu angetia kiungo kitupu kisicho na urembo, jicho lingeenda kwenye shaba. Lakini ua lilikuwa zuri, basi nani achungulie? Ndiyo maana nikiona nakshi nauliza zinaficha nini. Nina haki ya kuuliza. Nimeilipia kwa mfupa.

Mzee akaja kitandani kwangu akasema, "Nimelehemu mimi." Maneno mawili. Akatazama dirishani. Hakuongeza hata pole yenye maana, hata "nisamehe mwanangu." Miaka tisa nasubiri neno la tatu, na wewe unanitaka mimi ndiye niombe radhi? Thubutu!

Hiyo fremu yenu iko stoo kwetu, hakuna aliyeifuata. Njooni muichukue mwende nayo. Mwisho wa mwezi stoo inasafishwa.

Rula


Tarehe 19 Machi

Rula,

Nimeapishwa nisikuambie. Naapa tena hapa kwamba nimevunja kiapo, na lawama nitazibeba.

Chukua kipimo chako. Vua kiatu. Pima mguu wako wa kulia, halafu pima wa kushoto. Halafu rudi kwenye ile mikono ya pedali ambayo fundi wake hajui kulinganisha.

Umepima? Sasa unajua ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Miezi kumi na minne ameitengeneza, Rula! Ulipoondoka uliacha kiatu chako cha kushoto, kile fundi viatu alichokiongezea soli. Mzee alikificha kwenye sanduku la misumari. Amekipima kile kiatu mpaka nikamwambia, Mzee, kitakwisha. Mkono wa pedali wa kushoto kaukata mwenyewe akaulehemu upya, na pedali yake kaiongeza unene kufidia milimita zilizobaki, ili nyonga yako isizungushwe kwa nguvu. Bomba la juu halijaangukiwa na ukuta. Limeshushwa ili uipande bila kuunyanyua mguu. Wewe uliyeidhihaki kama baiskeli ya ajabu, ajabu yake ni wewe.

Na matundu kwenye maua, ulidhani ni urembo wa pazia? Yale ni madirisha. Kila tundu limetobolewa ili mtu achungulie aone shaba imepita ndani au haikupita. Ulitaka jicho liione shaba, haya, kakuchongea mahali pa kutazamia, thelathini na mawili, kwa tupa nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ungeinama tu ungeona. Lakini wewe ulishaona ua, ukakasirika, ukaandika.

Utauliza kwa nini hakukutumia nyumbani. Angekutumia vipi, na barua tu unazirudisha? Akasema, "Tutaipeleka kwenye maonyesho. Pale ni kazi yake, lazima ataishika. Akiishika atapima, na akipima atajua." Alikuwa na uhakika kabisa. Siku jarida liliposomwa alisema jambo moja tu: "Amepima, hakujiona." Ndipo akafunga droo.

Mimi nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Cheche


Tarehe 24 Machi

Cheche,

Nimepima. Usinikumbushe tena.

Nami nina la kusema, ulipokee hivyohivyo lilivyo baya. Nilikudanganya. Namba kumi na saba niliijua kabla sijamaliza kuivua karatasi. Lile jani lililopindwa ncha chini ya kila ua hakuna anayelichonga hivyo duniani isipokuwa Mzee. Nililiona, damu ikanipanda kichwani, nikasema leo amekuja mwenyewe mezani kwangu. Nikapima kwa hasira na nikaandika kwa hasira. Mtu mwenye hasira anasoma namba, hajui inamsema nani. Milimita zangu mwenyewe zilikuwa mkononi mwangu, nikazitukana. Naona aibu, na aibu hii inanizidishia hasira.

Lakini sikiliza nilichofanya. Nimeichukua ile fremu nikaileta kwangu. Nikachungulia kwenye madirisha yenu. Shaba ipo. Sikutosheka, maana dirisha linakuonyesha dirishani tu, halikuonyeshi nyuma ya ukuta. Nikaifunga kwenye jiliwa, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata shingo.

Ndiyo, nimeikata. Piga kelele ukitaka.

Shaba imejaa. Kote, mpaka chini, hakuna pengo la kupitisha unywele. Nilikaa sakafuni nikakitazama kile kipande, nikajiuliza: mkono unaolehemu hivi, uliachaje pengo kwenye fremu yangu?

Basi nikafungua mkebe. Hukujua, lakini kile kiungo kilichovunjika ninacho. Nilikiomba nikiwa hospitali, nikaletewa, nikakitunza miaka tisa ili nisisahau kukasirika. Nilikuwa nakitazama kama mgonjwa. Sijawahi kukitazama kama fundi. Juzi nikaviweka viwili hivyo sambamba mezani. Mzee ni mtu wa mkono wa kushoto. Anapoondoa moto, donge la mwisho la shaba hubaki upande wa kulia wa shingo. Kwenye namba kumi na saba liko kulia. Kwenye fremu zote alizowahi kulehemu liko kulia.

Kwenye yangu ya kijani liko kushoto.

Karakana ilikuwa na watu wawili wanaoshika moto, Cheche. Nijibu kwa mkono wako huohuo wa kulia. Nani alilehemu shingo yangu?

Rula


Tarehe 30 Machi

Rula,

Mimi.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu nikitafuta neno la kutanguliza, sikulipata. Mimi ndiye niliyelehemu.

Ilikuwa Jumamosi. Mzee alikwenda kufuata mtungi wa gesi, aliniambia shingo ya fremu yako tutaifanya akirudi. Kulikuwa na mpira saa kumi. Nikasema ngoja niimalize, nitoke. Sikuwa mtoto, nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na sita mwenye haraka ya kijinga. Niliondoa moto mapema. Nilihisi shaba haijashuka, Rula, mkono unajua. Lakini ukingo ulikuwa umeng'aa vizuri kuzunguka ua, nikaupitishia tupa, nikapangusa, nikaondoka. Mzee akarudi akaikagua, akasema, "Safi." Nikafurahi kusifiwa. Timu yetu ilifungwa.

Hospitali nilikuja kusema. Wallahi nilikuja kusema. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshafungua mdomo, nikamsikia Mzee anakuambia kalehemu yeye. Nikaufunga. Nikasema nitasema kesho, kesho ikawa wiki, ukaondoka. Kadiri ulivyokaa kimya kwake ndivyo mimi nilivyozidi kushindwa. Mzee mwenyewe hakuwahi kuniuliza, nikajiaminisha kwamba hajui, kwamba labda anaamini kweli ni yeye, amechanganya siku.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuandikia kwa ukali ule? Mtu mwenye hatia hupiga kelele kuliko wote. Nilikutukana wewe kwa kumvunja Mzee, na aliyemvunja anakula naye meza moja kila siku. Unichukie mimi. Una miaka tisa ya chuki uliyompa mtu asiyestahili, hamishia huku, nitaipokea yote.

Leo nitamwambia.

Cheche


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu Rula,

Safari hii naona utaifungua, maana nimemwambia kaka yako aandike anwani kwa mkono wake.

Kaja kuniungamia, barua zako mkononi, huku analia, mtu mzima na ndevu zake. Nimemwacha amalize ndipo nikamwambia kwamba nilijua. Nilijua siku ileile, nilipokiona kiungo sakafuni pa karakana na donge liko kushoto. Miaka arobaini nishindwe kujua kazi ya nani ni ipi?

Sikukudanganya hata hivyo. Aliyekagua ndiye aliyelehemu. Hiyo ndiyo sheria ya karakana hii tangu siku ya kwanza, nawe uliijua. Nilichukua fremu mkononi, nikatazama ua, ua lilinipendeza kwa sababu nililichonga mimi, nikasema safi. Sikukigonga kiungo, sikusikiliza mlio wake. Kosa la kaka yako lilikuwa la haraka. Langu lilikuwa la majivuno. Sikukuomba radhi kwa sababu ningefungua mdomo tu ungeniuliza maswali, wewe hukosi la kuuliza, na ningekuambia jina lake. Ulikuwa umeshapoteza uzima wa mguu. Niliona bora ukose baba mzee kuliko ukose ndugu wa kuzeeka naye. Labda nilikosea. Nisamehe, mwanangu. Neno lako la tatu hilo.

Sasa na mimi nina hasira yangu. Umeandika kwamba nakshi ni za fundi mwenye jambo la kuficha. Huo ni uongo na umeuchapisha. Kiungo kitupu nakimaliza asubuhi moja. Ua linanichukua siku nne. Siku nne nimeinama juu ya mahali pamoja pa fremu ya mtu, nawaza habari za huyo mtu. Hakuna kingine kwenye nakshi. Ile ya kijani haikuvunjwa na ua, ilivunjwa na watu wawili wasiotazama chini yake. Hilo ulirekebishe.

Kwamba umeikata, sijakasirika. Ningeikata pia.

Umeandika siti iko chini kwa milimita nane. Nimehesabu tena, naona una haki. Nilipima kiatu cha miaka tisa na wewe siye yule wa miaka tisa iliyopita. Kiatu hakitoshi. Lete vile vipande, na ulete mguu.

Baba yako


Tarehe 6 Aprili

Cheche,

Barua ya Mzee nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikafunga mlango nikalia mpaka jirani akagonga. Yake nitamjibu mwenyewe, uso kwa uso. Hii ni yako.

Sijakusamehe, usijidanganye. Miaka tisa umeniacha nimrudishie mzee barua zake kama matangazo ya sabuni, na wewe upo pale unamwona anavyozipokea. Huo si woga tu, huo ni wizi. Umetuibia sote wawili. Nikikuona nitakupiga kofi, ujiandae, na baada ya hapo sijui.

Masahihisho yameshakwenda kwa mchapaji: "Namba kumi na saba: mikono ya pedali ni sahihi. Mpimaji ndiye aliyekosea." Mhariri kaniuliza nina uhakika? Nimemwambia nimepima.

Nimechukua likizo ya wiki tatu. Nafika Jumanne asubuhi na fremu iliyokatwa, mkebe, na miguu yote miwili. Mwambie Mzee afungue droo, awashe moto. Yeye atachonga ua jipya la shingo, petali saba kama lile la kijani, na madirisha yake. Lakini hatalehemu. Utalehemu wewe, kwa mkono wako wa kulia, mimi nimekaa mbele yako. Halafu nitaikata. Nikikuta pengo, Mzee atachonga jingine, utalehemu tena, nami nitakata tena. Mabomba yapo, wiki ni tatu, na msumeno wangu ni mpya.

Ile ambayo mkono wako utaniambia kwamba shaba imeshuka, na uso wako ukasema hivyohivyo, hiyo sitaikata. Nitaipanda, niteremke nayo mteremko wa nyuma ya shule.

Na ole wako siku hiyo niambiwe kuna mpira.

Rula